Dada wa Bwana Harusi

"Naima, sinia utabeba wewe," Hussen aliniambia, macho yakiwa kwenye simu. "Ndani kuna barua ya posa. Ishike vizuri."

"Posa ya nani?"

"Yangu. Tunakwenda Kiswere. Nilitaka nikwambie tangu juzi."

Jamani, nisiwafiche kitu. Mwaka wa tatu huu niko kwao Mitole, namwogesha mama yake aliyepooza upande mmoja, nampikia uji, nawapalilia mikorosho. Yeye anaishi Lindi mjini. Kila mwaka wimbo ni uleule: "Mvumilie mama, msimu wa korosho ukiisha naleta barua kwenu Likawage." Jafari, kijana wa kijijini kwetu, alileta posa yake, nikamkataa kwa ajili ya huyuhuyu.

"Na mimi, Hussen?"

"Wewe ni mtu wa nyumbani. Bila wewe mama ataishi vipi?"

Mama yake akaita kutoka chumbani, "Naima mwanangu, nenda nao. Usinitie aibu."

Nikaenda. Mtanicheka, nichekeni tu. Nilidhani akiniona na lile sinia mbele za watu ataona haya. Wanasema mapenzi ni upofu, na mimi nilikuwa na upofu wa kujitakia.

Kiswere tulipokewa vizuri. Mzee Khamisi, mshenga wetu, akatoa salamu, barua ikapokewa. Kisha shangazi wa binti akakohoa.

"Tumesikia mama mkwe anaumwa. Binti yetu ana cherehani yake Lindi, hawezi kuja kukaa Mitole. Nani atamuuguza mama?"

"Hilo lisiwape taabu," Hussen akadakia. "Dada yangu yupo. Huyu hapa. Yeye hana mpango wa kuolewa."

Dada! Shangazi akanishika mkono kwa huruma.

"Mungu akulipe, mwanangu. Kwa hiyo utakaa na mama moja kwa moja?"

Watu wote wakanitazama, wakisubiri niseme ndiyo. Nilijiona nimeshafungiwa chumba kile cha mgonjwa mpaka nizeeke.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi si dada yake. Hatukuzaliwa tumbo moja wala hatukunyonya ziwa moja. Aliniahidi ndoa, nikahamia kwao kumuuguza mama yake. Nasubiri barua hiyo mwaka wa tatu."

"Naima, una wazimu?" Hussen alisimama.

Shangazi hakumjali. "Mzee Khamisi, wewe ni mtu mzima. Huyu ni nani?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Hussen ni mtoto wa pekee. Hakuniambia kama atasema maneno haya. Mimi uongo siuwezi."

Barua ikarudishwa palepale.

"Chukueni," shangazi alisema. "Kama huyu aliyemwogeshea mama amemkana, wa kwetu atamfanya nini?"

Tulipotoka nje, Hussen alinivaa.

"Umeridhika? Haya, panda gari turudi. Mama hajala tangu asubuhi."

Nilitoa simu. Nikampigia mama yake, maana yule mama nilimpenda kuliko hata mwanawe, nikataka aniambie neno la kunipoza.

"Mama, Hussen amewaambia watu mimi ni dada yake."

"Najua. Mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo."

"Wewe, mama?"

"Niliogopa, Naima. Ungekuwa mke wake, ungemfuata Lindi. Ukiwa mwanangu, unabaki na mimi. Nisamehe. Leo si utarudi?"

Nililia pale barabarani bila kuona aibu. Wawili walikaa wakanipangia maisha, na mimi niko jikoni nawakorogea uji.

"Uji uko kwenye chupa, karibu na kitanda," nikamwambia. "Vidonge vyeupe viwili, jioni, baada ya kula. Hussen anakuja. Mimi naenda kwetu."

"Naima, mwanangu, Hussen hajui kuniogesha!"

"Atajifunza, mama. Hata mimi sikuwa najua."