Mayai ya Darasa la Kwanza

Kila asubuhi, kabla kengele haijagongwa, Nyanjige alikuwa amekwisha kufika shuleni Ngulyati na kuingia chumba cha darasa la kwanza. Yeye mwenyewe alikuwa darasa la sita. Humo alikwenda kugeuza mayai.

Yalikuwa mayai ishirini na manne, ndani ya sanduku la mbao lililotandikwa pamba. Chini ya sanduku iliwaka chemli ndogo. Mwalimu Felisita alitaka watoto wadogo waone kwa macho yao kifaranga anavyototolewa, na kila mtoto alileta yai kutoka kwao, akaliandika jina kwa penseli. Wadogo wale! Asubuhi walipanga mstari mbele ya sanduku, wakaamkia kwa Kisukuma, "Ng'wangaluka, vifaranga!" Kisha wakatega masikio, wakingoja kuitikiwa.

"Moto uwe wa kiasi," Mwalimu alimwambia Nyanjige alipomkabidhi kazi hiyo. "Ukiligusisha yai kwenye kope, lisikuchome wala lisikupe baridi. Ukimaliza kugeuza na kutazama taa, tia alama ya vema kwenye karatasi ya ukutani."

Siku ya kumi na sita iliangukia Jumamosi. Mwalimu alikwenda Bariadi mjini mpaka jioni, akamwachia Nyanjige ufunguo wa akiba wa darasa na chupa ya mafuta ya taa. Adhuhuri Nyanjige alikuwa njiani kuelekea shuleni, mara rafiki yake Violeth akaja mbio.

"Nyanjige, twende! Lori la wanunuzi wapya limefika, lina spika juu!"

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa wanunuzi binafsi wa pamba. Zamani pamba ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, na mizani haikuwa na kelele. Sasa lori lilikuja na muziki, na kijiji kizima kikatoka kutazama. Watu walicheza juu ya marobota mpaka vumbi likatimka. Nyanjige alisema atakaa kidogo tu. Alipokumbuka mayai, jua lilikuwa limeinama.

Alikuta chemli imezimika, imekauka mafuta. Aligusisha yai kwenye kope. Lilikuwa la baridi. Alijaza mafuta, akawasha, akapandisha utambi mpaka juu ili joto lirudi upesi. Kisha akatia alama ya vema ukutani, akafunga mlango, akaenda zake.

Jumapili, siku ya zamu yake mwenyewe, Mwalimu Felisita aliporudi kutoka kanisani, alifungua darasa akakuta kioo cha taa kimekuwa cheusi tii na mayai yanachoma mkono.

Jumatatu alisimama mbele ya watoto wa darasa la kwanza, uso umemsawijika. Nyanjige alikuwa mlangoni.

"Nani amechezea taa baada ya Nyanjige kutia alama yake? Gloria, nyumba yenu iko hapo nyuma, na jana ulionekana dirishani."

"Nilikuwa nachungulia yai langu tu, Mwalimu," Gloria alisema. Alikuwa na miaka saba. "Sikuingia. Haki ya Mungu sikuingia!" Akaanza kulia, na wenzake wakamtazama kama mwizi.

Nyanjige alitazama alama yake ukutani. Akaingia ndani.

"Mwalimu, si Gloria. Ni mimi."

Akasema yote, tangu lori mpaka utambi. Mwalimu hakunyanyua fimbo. Aliziba madirisha kwa khanga, akachukua tochi, akamulika yai moja baada ya jingine huku Nyanjige akishika sanduku. Yaliyokuwa hai yalitikisika ndani kama moyo mdogo. Yalikuwa kumi na moja. Yai la Gloria halikutikisika.

Nyanjige alipiga magoti mbele ya mtoto yule. "Nisamehe, mdogo wangu. Nimekuharibia yai lako, na nimekuacha usingiziwe."

Gloria alifuta kamasi, akaenda kuketi mahali pake.

Kuanzia siku hiyo Nyanjige hakukosa zamu hata moja. Alhamisi ganda la kwanza lilipasuka, na watoto wakapiga kelele hata walimu wa madarasa mengine wakaja. Kufikia jioni, vifaranga tisa walikuwa wakilia ndani ya kapu. Gloria alipewa kifaranga wa kwanza amshike. Akamtazama sana, kisha akamgeukia Nyanjige.

"Shika na wewe. Ana joto."

Hapo machozi yalimtoka Nyanjige. Mwalimu Felisita akamkalisha pembeni.

"Taa kuzimika ni uzembe, nami ningekukaripia tu," alisema. "Baridi ya saa chache mayai yangeistahimili. Kilichoyaua ni ule moto uliouwasha ili mtu asijue. Ungekuja kwangu jioni ile ile, tungeshusha utambi pamoja. Mwanangu, kosa likisemwa mapema hurekebishika. Likifichwa, linamchoma hata asiyehusika."

Nyanjige aliitikia kwa kichwa. Kisha akaondoa ile karatasi ukutani, akaifuta ile alama ya vema ya Jumamosi, na mahali pake akaandika kwa mkono wake: *Sikuwapo.*