Sauti Iliyohesabu Chumbani kwa Kui

Saa nane na dakika ishirini mchana, Jumamosi, kwenye uwanja kati ya nyumba za Ziwani, Nalianya alimfunua leso mwanamke wa tatu. Uso uliotokea ulikuwa wa Sally.

"Woooi! Shemeji, mimi nina bwana!"

Hema zima likaangua kicheko. Wanawake sita walikuwa wamesimama mstari mmoja, wamefunikwa leso za rangi moja toka utosini hadi vifundoni. Siku ya ngurario, harusi ya kimila ya Wakikuyu, bwana harusi hupewa mtihani huo mmoja: amtambue wake. Akikosea anatozwa mbuzi, watu wanacheka, kisha anajaribu tena. Mzee Maina, msemaji wa upande wa bibi harusi, alikuwa ameshainua mkono kumtangaza mbuzi huyo.

Hakupata nafasi. Mwanamke wa tano alijivua leso mwenyewe. Alikuwa Kui, bibi harusi mwenyewe. Alimtazama Nalianya, akageuka, akaingia nyumbani kwa wazazi wake na kufunga mlango. Kicheko kikakatika.

"Maze, umechoma," akanong'ona Wekulo, rafiki aliyemsindikiza. "Miaka minne na huyu dem, halafu unachagua binamu yake?"

"Nilitafuta bega," Nalianya alisema.

Kui na Sally hushona suruali katika kiwanda kimoja, cherehani zao zikipakana, saa tisa kwa siku. Miaka yote ambayo Nalianya alimjua, bega la kushoto la Kui lilikuwa limeinama kuelekea kwenye sindano. La Sally vilevile. Leo, chini ya leso sita, bega lililoinama lilikuwa moja tu.

Mlango ukafunguka. Akatoka Tata Mirriam, shangazi yake Kui.

"Muthoni, mkwe wetu, ingia. Anakuita. Na mimi nakaa humo humo, kwa hivyo utasema kwa adabu."

Ndani, Kui alikuwa amesimama kando ya kabati la vyombo. Hakumkaribisha kiti.

"Miezi mitano hujanitia machoni," alisema. "Umeingia kutoka kazini Marsabit jana, na leo umenipita mbele ya watu mia mbili."

"Umebadilika, Kui."

"Vipi?"

"Umenyooka. Hata shingo imekuwa ndefu. Ningekupita barabarani."

"Na hujui ni kwa nini?"

Nalianya alitazama sakafu, kisha akamtazama yeye.

"Najua. Najua tangu Aprili."

Tata Mirriam akaacha kukunja leso aliyokuwa ameishika.

"Sema," Kui alisema.

"Jumapili, saa saba mchana, nilikupigia. Simu ikapokelewa lakini hukusema kitu. Nikasikia mwanaume chumbani kwako, kule mtaa wa Tena, anahesabu. Nne, tano, sita. Anakwambia pumua. Nikakata."

"Ukakata. Hukuuliza."

"Ningeuliza nini?"

"'Kui, ni nani huyo?' Maneno manne, Nali. Manne! Ukanyamaza miezi mitatu. Unaniita mpenzi kwenye simu, na kichwani kwako nina mwanaume mwingine. Kwa nini basi umekuja leo?"

"Wazee walikuwa wameshapanga safari kutoka Bungoma."

Hilo ndilo jibu alilotoa. Kui alitembea hadi mlangoni akaufungua.

"Basi rudi nao. Leo hakuna kiande kitakachokatwa hapa."

Kiande ni mkono wa mbuzi ambao bwana na bibi harusi huukata pamoja. Wageni wanaweza kula na kucheza hadi jioni. Kama kiande hakijakatwa, kwa Wakikuyu ndoa bado haijafungwa.

"Kui," Tata Mirriam alisema, "kabla hujamfukuza mtu, mwonyeshe simu. Si yako. Yake."

"Anaijua simu yake, tata."

"Haijui. Mtu anayejua hasimami hivyo kama mwizi wa kuku."

Kui akafunga mlango.

"Toa simu. Fungua jina langu. Panda juu hadi Machi."

Nalianya akatii. Kulikuwa na video kumi na moja. Hakuna hata moja aliyoifungua. Juu ya ile ya kwanza kulikuwa na ujumbe: "Daktari wa mazoezi ya viungo amesema misuli ya mgongo imelala kwa kukaa. Nimeanza mazoezi ya baleti, yale ya watu wazima ya nyumbani. Usicheke." Chini yake lilikuwa jibu la Nalianya: "Poa."

"Kwa nini hukufungua?"

"Za kwanza, mtandao wa kule ulikuwa mbovu. Baada ya Aprili, niliogopa nitakachoona."

"Basi ona sasa."

Akabonyeza.

Chumba kilikuwa kile cha mtaa wa Tena. Katikati kulikuwa na kiti cha plastiki, na juu yake unga kilo nne ili kisiyumbe. Kui alishika mgongo wa kiti, visigino vimegusana, vidole vya miguu vikielekea nje. Sauti ya mwanaume ikatoka kwenye simu ya pili iliyoegemezwa ukutani: "Kunja magoti polepole. Mgongo wima. Nne, tano, sita. Pumua." Kui alikunja magoti, akainuka, akapanda juu ya vidole. Kwenye hesabu ya saba, miguu ilimtetemeka, akakaa chini akicheka.

"Ni huyo?" Nalianya aliuliza.

"Mwalimu Sydney. Anafundisha mtandaoni, hajui hata kama niko duniani. Ulipiga nikiwa nafuata hesabu. Nadhani nilibonyeza kwa jasho. Nilipoangalia, ulikuwa umekata. Nikakupigia mara mbili, hukushika."

"Niliiona ikilia."

"Lo!" Tata Mirriam akapiga makofi mara moja. "Na unakubali kwa kinywa chako."

Nalianya alifungua ya pili. Akafungua ya tatu. Mlango uligongwa, na Mzee Maina akaingiza kichwa.

"Wazee wanauliza kama mbuzi achomwe ama arudishwe malishoni."

"Angojee," Tata Mirriam alisema.

"Mbuzi angojee au wazee?"

"Wote!"

Ilimchukua Nalianya dakika kumi na tisa kuzimaliza. Hakuna mahali Kui aliporuka wala kuzunguka kama wachezaji wa jukwaani. Ilikuwa miendo midogo, ya inchi moja moja, iliyorudiwa mpaka misuli ikatetemeka. Kufikia Mei, bega lilikuwa limeanza kupanda. Mwezi Juni alijirekodi akipanda na mtungi wa maji wa lita ishirini kutoka chini hadi orofa ya nne, bila kuutua njiani. Video ya mwisho ilikuwa ya wiki mbili zilizopita. Alisimama juu ya vidole bila kugusa kiti, akahesabu mwenyewe hadi arobaini, akageukia kamera.

"Nali, ona," alisema ndani ya simu. "Mgongo hauumi tena. Ukirudi, mimi wa kwanza kukuona kwa mbali."

Nalianya aliiweka simu juu ya kabati.

"Nimekukosea," alisema. "Si kwa bega. Kwa Aprili."

"Ni kweli."

"Ninaomba nafasi moja."

"Mila inakupa," Kui alisema. "Mimi ndiye sijui kama nakupa. Nitarudi chini ya leso. Hapana kunigusa, hapana kuita jina. Ukikosea tena, sitaongea na wewe ndani ya nyumba hii wala nje."

Saa tisa na dakika thelathini na tano wanawake sita walisimama tena. Tata Mirriam mwenyewe aliingia kwenye mstari badala ya mmoja wao, na nafasi zote zilibadilishwa ndani ya nyumba. Mabega yote sita ya kushoto yalikuwa yameshushwa makusudi. Nalianya alipita mbele yao mara mbili, akarudi katikati.

"Hapa tumeenda na maji, buda," Wekulo alinong'ona.

"Mama zangu na dada zangu," Nalianya alisema, "naomba mpande juu ya vidole vya miguu. Mikono chini. Msishikane."

"Hiyo ni ngurario ama jeshi?" mtu aliuliza nyuma. Mzee Maina akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. Visigino kumi na viwili vikainuka. Wekulo akaanza kuhesabu kwa sauti.

Kwenye tano, wa kwanza upande wa kulia aliteremka. "Kijana, magoti yangu yana baridi yabisi!" alilalamika kwa sauti ya Tata Mirriam, na hema likacheka.

Kwenye kumi na mbili akaanguka wa pili. Kumi na nane, wawili kwa pamoja. Wakabaki wawili, mmoja akiyumba kama mlingoti wa hema.

"Ishirini na tatu, ishirini na nne..."

"Siwezi, nakufa!" Sally akapiga kelele, akajishika kwa jirani aliyekwisha kuteremka, wakaketi wote wawili chini.

Aliyebaki hakuyumba. Angeweza kuteremka wakati wowote na kujificha kati ya wengine. Nalianya alijua hivyo, na kila aliyekuwa hapo alijua. Wekulo alifika thelathini. Thelathini na tano. Hakuna aliyecheka tena.

"Arobaini," Wekulo alisema.

Mwanamke aliteremsha visigino polepole, kwa hesabu nne.

Nalianya alimsogelea, akainua leso kwa mikono miwili. Uso wa Kui ulikuwa umelowa jasho.

"Umechelewa," alimwambia.

"Miezi mitatu."

"Siku nyingine ukisikia kitu?"

"Nauliza. Hapo hapo."

"Na video?"

"Nafungua."

Kui akamgeukia Mzee Maina.

"Mzee, lete kisu."

Saa kumi na dakika sita, mkono wa Kui ukiwa juu ya mkono wa Nalianya, kiande kilikatwa.