Mkunga, Mlima na Mota

Kila siku mkunga aliamka kabla ya goti lake. Yeye huwa ameshaoga na kubandika chai, lakini goti la kulia bado limelala fofofo. Alilisugua kwa mafuta huku akilisemesha kama mtoto mvivu.

"Haya, amka twende. Watu wanatungoja."

Mumewe, fundi saa, alicheka. Meza yake ya kazi ilikuwa palepale sebuleni, chini ya dirisha. Ukutani zilining'inia saa kumi na mbili za wateja, na hakuna hata mbili zilizokubaliana.

"Goti hilo lingekuwa saa, mke wangu, ningelifungua nikalitengeneza."

"Lingekuwa saa, mume wangu, mpaka leo lingekuwa kwenye foleni yako."

Alikunywa chai, akafunga mkoba wa kazi kwenye karia ya baiskeli, akaondoka.

Kazi yake ilikuwa kuwatembelea mama wajawazito na mama waliojifungua. Nyumba za bondeni hazikumpa taabu. Taabu ilikuwa mlima. Barabara ya mlimani ilipanda kilomita nne, ikijizungusha kama mkanda. Gari halikufika kule. Zamani mkunga aliipanda akiwa juu ya kiti, akiimba. Sasa alishuka kwenye kona ya kwanza, akaisukuma baiskeli mpaka juu.

Akisukuma, aliota macho wazi. Aliona barabara ikijilaza. Aliona ukungu ukimbeba mgongoni, na magurudumu yakizunguka bila kugusa changarawe. Katika ndoto hiyo hakuwa na goti wala umri. Kisha jiwe lilimkwaza, akarudi duniani.

Juu kabisa aliishi mfuga nyuki na mkewe. Mama huyo alikuwa na mimba ya pili. Mimba ya kwanza ilimwachia hofu. Siku ya kujifungua mara ile mkunga aliitwa mapema, lakini kwa kusukuma baiskeli alifika mtoto ameshazaliwa, mama anavuja damu, mfuga nyuki ameshika taa na hajui la kufanya. Mama aliponea tundu la sindano.

"Safari hii utakuwepo, mama mkunga?" aliuliza sasa, mkono juu ya tumbo.

Mkunga alijifanya anatafuta kitu mkobani.

Wiki hiyohiyo msimamizi wa zahanati alimwita. Alimsemesha kwa upole, na upole ule ndio uliouma.

"Mama, tunaona unavyochoka. Kuanzia mwezi ujao utakaa ofisini, uandike kadi. Mlimani tutatafuta mtu mwingine."

"Mtu gani?"

"Tutatafuta," msimamizi alirudia, akatazama nje.

Mkunga alijua hakuna mtu. Jioni alimsimulia mumewe. Fundi saa aliweka bisibisi chini, jambo alilolifanya mara chache.

Baada ya siku kumi sanduku zito alilokuwa ameliagiza mumewe lilifika. Fundi saa alilifungua kama anafungua zawadi ya harusi. Ndani mlikuwa na mota nyeusi, nene kama nazi iliyofuliwa, betri ndefu, chaja, kioo kidogo cha kuonyesha mwendo, na nyaya.

"Hii inafungwa katikati ya baiskeli, pale kwenye pedali," alisema, macho yakimeta. "Ina nguvu! Utapanda mlima kama moshi."

"Si tumwite fundi baiskeli wa pale kwenye kona?"

"Spana?" Hilo ndilo jina ambalo mtaa mzima ulimwita yule dada. "Mke wangu, mimi nafungua saa ndogo kuliko kucha. Baiskeli itanishinda?"

Alifanya kazi mchana kutwa. Alipomaliza, nyaya mbili zilibaki mezani.

"Na hizi?"

"Za ziada," alisema, akazitia kwenye droo.

Asubuhi mkunga alipanda. Akakanyaga pedali mara moja tu, na baiskeli ikaondoka kama imeitwa. Ee! Nyumba zilianza kuteleza pembeni. Upepo uliingia mikononi mwa gauni. Kwa muda mfupi mtamu, ilikuwa ile ndoto yenyewe: hakuna uzito, hakuna jasho, mngurumo mdogo tu chini ya miguu, kama paka aliyeshiba.

Kisha kona ikaja. Mkunga aliacha kukanyaga, akafinya breki. Breki zililia, lakini mota ikaendelea kusukuma. Cheni kuukuu ikakatika kwa kishindo. Mbele yake palikuwa na uwa wazi, na katika uwa huo kamba ya nguo yenye mashuka meupe yaliyolowa. Mkunga akaingia ndani ya weupe ule. Kila kitu kikawa baridi na kimya.

Alipofumbua macho, alikuwa amekaa chini, amevikwa shuka kama bibi harusi. Mwanamke mwenye mikono myeusi kwa grisi alikuwa amesimama mbele yake.

"Karibu, mama," alisema Spana. "Wageni wangu wengine hubisha hodi."

Mkunga alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena. Alikuwa amechubuka kiwiko tu.

Fundi saa alifika mbio, kandambili moja mguuni, nyingine haijulikani ilipo. Alimshika mkewe mabega, akamkagua kichwa mpaka miguu.

Spana aliinua baiskeli, akazungusha gurudumu, akachuchumaa. Alitazama muda mrefu.

"Shemeji, mota ni nzuri," alisema. "Wewe ndiye uliyeifunga?"

"Mimi."

"Vyote vilivyokuwa sandukuni umevifunga?"

Fundi saa alikohoa. "Zilibaki nyaya mbili. Za ziada."

"Shemeji. Mteja akikuletea saa, ukaifungua, ukaifunga, kikabaki kipande mezani. Utamwambia ni cha ziada?"

Fundi saa aliinamisha kichwa. Siku zote alikuwa akiwacheka mafundi wa aina hiyo.

"Ngoja nikazilete," alisema kwa sauti ndogo.

"Zilete, pamoja na karatasi ya maelezo. Najua hukuisoma. Kujikwaa si kuanguka, shemeji."

Siku tatu baiskeli ilikaa uwani kwa Spana, na kila alasiri mume na mke walikuja. Spana hakutaka kufanya kazi peke yake.

"Mwenye chombo akijue chombo chake," alisema.

Aliinua nyaya mbili. "Hizi zinafungwa kwenye mikono ya breki. Ukifinya breki, zinaiambia mota: acha. Bila hizi, wewe unazuia na mota inasukuma. Nani atashinda?"

"Mota," alijibu mkunga. Alikuwa na ushahidi.

"Na breki zenyewe, tazama. Mipira imekwisha. Baiskeli hii ilitengenezwa kwa nguvu za miguu. Ukiiongezea nguvu ya kwenda, iongezee kwanza nguvu ya kusimama."

Alibadilisha breki, akafunga cheni mpya iliyo imara. Alipitisha kitambaa na kidole kwenye fremu yote, hasa penye maungio.

"Natafuta ufa. Ningeuona hata mmoja mdogo, mota hii isingerudi hapa. Hatufungi ng'ombe kwenye mti mbovu."

Kisha alimpa fundi saa spana kubwa. Nati inayoshika mota ilikuwa imelegea.

"Kaza. Kaza tena. Hii si saa, shemeji, haitalia. Baada ya safari za kwanza uikague, maana mota hujaribu kujizungusha."

Fundi saa alikaza, jasho likamtoka. Halafu yeye mwenyewe akazipanga nyaya, akazifunga vizuri, akiacha nafasi pale handeli inapogeuka. Vidole vyake vilijua kazi ndogo. Spana alitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hapo umenishinda."

Fundi saa alikuwa kama amevishwa nishani.

"Sasa wewe, mama," Spana alimgeukia mkunga. "Unajua kwa nini mota ya katikati inafaa mlima? Kuna mota nyingine hukaa ndani ya gurudumu. Hiyo haizijui gia zako. Lakini hii inavuta cheni, kama mguu wako unavyovuta. Kwa hiyo gia zinaisaidia. Ukifika kwenye mlima, weka gia nyepesi kabla hujaanza kupanda. Ukiweka gia nzito, mota itahangaika, itapata moto, na cheni italiwa."

"Na nikitaka kubadilisha gia katikati ya mlima?"

"Legeza miguu kidogo, badilisha, kisha kanyaga tena. Usibadilishe wakati mota inavuta kwa nguvu zote."

Kwenye kile kioo kidogo, Spana alipunguza nguvu za mota. Fundi saa alikuwa ameiweka mwisho kabisa.

"Ina ngazi tano. Anzia ya kwanza. Mlimani ya tatu inatosha. Na kofia ngumu kichwani, mama. Ubongo hauna kipuri."

Mkunga alicheka.

"Jingine. Mota yenye nguvu ina sheria zake za barabarani. Nendeni ofisi ya usalama barabarani, mkaulize inaruhusiwa nguvu kiasi gani na mwendo gani. Tutaipunguza ifike hapo."

Walikwenda, wakauliza, na Spana akaipunguza tena kidogo.

Mwisho aliishika betri kwa mikono miwili, kama anabeba mtoto mchanga.

"Hii ina moto ndani yake. Ichajini kwa chaja yake tu, msiazime ya mtu. Iwekeni juu ya sakafu ya saruji, mbali na mapazia na kitanda, na isiwe mlangoni mnapopitia. Ichajini mkiwa macho. Ikijaa, chomoeni. Ikianguka kwa nguvu, ikivimba au ikitoa harufu, msiichaji tena. Itoeni nje, mniite."

"Na mvua?"

"Mvua ya kawaida haina neno. Usiipige baiskeli maji ya mpira unapoiosha, wala usiizamishe mtoni."

Mkunga alifanya mazoezi wiki nzima, kwanza uwanjani, kisha kwenye barabara tupu. Spana alikimbia pembeni yake akipiga kelele: "Gia, mama! Gia!"

Siku ya kuhamia ofisini ilikaribia. Zilibaki siku nne.

Saa tisa alasiri simu ililia. Alikuwa mfuga nyuki.

"Mama mkunga, uchungu umeanza. Unazidi upesi."

"Mlaze kwa ubavu. Chemsha maji. Nakuja."

Ukungu ulikuwa umeshuka. Mkunga alivaa kofia, akafunga mkoba, akatazama kioo. Betri ilikuwa imejaa. Kwenye kona ya kwanza, pale alipokuwa akishuka miaka ya karibuni, aliweka gia nyepesi, akaendelea kukanyaga.

Mota ilianza kuimba kwa sauti ya chini. Barabara ilimjia polepole, mkunjo baada ya mkunjo. Hakuenda kama moshi. Alienda kama mtu anayepumua. Miti ilitokea katika ukungu, ikamtazama, ikapotea. Bonde lilizama nyuma yake, na kelele za mtaa zikawa nyuzi nyembamba, kisha zikakatika. Miguu yake ilizunguka, na alishindwa kujua nguvu yake inaishia wapi na ya mota inaanzia wapi. Mahali fulani alitambua kwamba anaimba.

Alipofika, mfuga nyuki alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama nyuma ya mkunga, akitafuta gari.

Mama alikuwa kitandani, ameuma kanga. Alipomwona mkunga, aliiachia.

"Umefika," alisema. "Umefika kabla."

"Nimefika. Sasa tufanye kazi."

Mtoto alizaliwa jua likiwa bado halijazama. Msichana, mwenye sauti ya kudai haki zake. Kisha damu ikaanza kutoka, nyingi, kama mara ile. Mama akafumba macho. Lakini mara hii mikono ilikuwepo. Mkunga alimchoma sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, akalikanda tumbo kwa nguvu, taratibu, bila kuacha. Alihesabu moyoni. Damu ikapungua. Ikawa kidogo. Ikakoma.

Mfuga nyuki alikaa sakafuni ghafla, kama mtu aliyekatwa kamba.

Siku mbili tatu baadaye msimamizi aliandika jina la mkunga upya kwenye orodha ya mlimani. Akampigia Spana simu kumuuliza kama wahudumu wengine wawili wangeweza kufungiwa mota, na kufundishwa. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Jioni ile mkunga alitoka nje kunawa mikono. Ukungu ulikuwa ukiinuka. Chini kabisa, taa za bondeni zilianza kuwaka moja moja, kama zinazotafakari. Ndani, mama alikuwa akiongea na mtoto kwa sauti ya usingizi.

"Utarudi lini kututazama, mama mkunga?" aliuliza mfuga nyuki.

Miaka mingi mkunga alikuwa amelijibu swali hilo kwa neno moja: Mungu akijalia. Safari hii alifikiri kidogo.

"Kesho kutwa. Saa nne asubuhi."

Kesho kutwa yake alifika saa nne kasorobo, akakuta hata chai haijachemka.