Picha ya Mwenye Eda

Hili sikuambiwa na watu. Gerishom mwenyewe alinionyesha. Miaka ya themanini, rafiki yangu huyo wa bara alikuwa akizunguka Malindi akipiga picha za punda, wavuvi na wasusi wa mikeka, apate kuwauzia watalii postikadi. Nilimwonya kwamba mjane aliye edani hatazamwi na mwanamume asiye maharimu wake, yaani asiye jamaa wa karibu aliyeharimishwa kumwoa. Akacheka. Kule Mambrui akapanda ukuta, akampiga picha Bi Shekha, mwenye eda, ameketi mkekani uani.

Bi Shekha hakupiga kelele. "Umenivizia," alimwambia. "Nawe utaviziwa."

Alasiri hiyo Gerishom akajifungia katika chumba cha giza kuisafisha picha ile. Kamera, yenye filamu mpya, aliitundika ukutani. Alipoinamia beseni, akasikia nyuma yake: cha! Kisha filamu ikisogezwa polepole, kr-kr-kr. Akapapasa gizani. Hapakuwa na mtu, na komeo la mlango lilikuwa bado limefungwa kwa ndani.

Filamu hiyo alipoisafisha, picha ya kwanza ilikuwa ya mgongo wake mwenyewe, ameinamia beseni. Karatasi iliyomo besenini ilionekana wazi: ua uleule, mkeka uleule. Bi Shekha hakuwemo.