Mguno Nyuma ya Ukuta

Machage alikutwa amekufa asubuhi, chali kitandani, midomo imegeuka buluu, uso umetulia. Utulivu huo uliwashangaza majirani pale Kibara. Tangu apasuliwe uti wa mgongo, kilio chake kilikuwa hakikatiki.

Inspekta Rebeka Wanzagi kutoka Bunda alimkuta mjane, Boke, amekaa uani, mbali na mlango.

"Mbona huingii ndani, mama?"

"Bado analia, afande."

"Nani?"

"Marehemu. Mwili umeenda mochwari, sauti imebaki."

Rebeka aliingia peke yake. Kitanda kilikuwa kitupu. Akasikiliza.

Mguno ulipanda taratibu, mrefu, wa mtu anayeuma meno. Vinyweleo vilimsimama.

Alirudi uani.

"Alikuwa anatumia dawa gani?"

"Morfini ya maji. Mwanzo ilikuwaga haimsaidii kabisa. Kliniki wakasema niongeze. Jana nikafungua chupa mpya, nikampa kama walivyosema. Akalala, hakuamka."

"Alisemaje alipoinywa?"

Boke alifikiri. "Alikunja uso. Chungu. Ile ya kwanza alisemaga tamu kama chai."

Rebeka alimpigia daktari. Jibu lilikuwa fupi: morfini haina utamu wa chai. Na mwili ambao haujaizoea, ukipewa kipimo kikubwa ghafla, pumzi huzimika.

"Chupa ya kwanza ilikaa wapi?"

"Dirishani. Hii mpya niliifungia kabatini."

"Nyuma ya ukuta wa chumba chake analala nani?"

"Shemeji yangu, Yusto. Ana malaria."

Rebeka alizunguka nyuma, akasukuma mlango. Yusto alikuwa amejikunja sakafuni, jasho linamtiririka, anatetemeka, kamasi zinamchuruzika. Mguno ulikuwa wake.

"Si malaria hiyo, Yusto. Mwili wako umezoea morfini, sasa umeikosa."

Alifumba macho.

"Tulianguka pamoja na mkokoteni, afande. Migongo yote miwili iliumia. Ng'ombe wa baba waliouzwa wakatosha kupasua mgongo mmoja. Yeye mkubwa, akapelekwa hospitali. Mimi nikaambiwa nivumilie."

"Ukanywa dawa yake."

"Nikajaza maji na sukari. Sikutaka afe."

"Ulikuwa unamsikia akilia?"

"Kila siku. Lakini nikishakunywa, kilio chake kilikuwa kinakuja kwa mbali, kama cha mtu nisiyemjua."

Mlangoni, Boke alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, ule ulioshika kijiko cha dawa jana.

Rebeka alitoa pingu. Yusto alinyoosha mikono bila ubishi.

"Afande," alinong'ona, "huko mahabusu, dawa ipo?"