Gitaa la Sikio la Kulia

Kitendawili! Sema tega, nikutegee. Nina mgeni sikumwalika, hodi hakubisha, chai yangu hanywi, wali wangu hagusi, lakini tangu aingie ndani usingizi umehama. Ni nani? Mbu? Siyo. Kikohozi? Hata. Basi nipe mji. Umenipa Kilindoni? Ahsante, nimekwenda, nimezunguka soko zima, nimekula nikashiba, nimerudi. Mgeni yule ni wivu, na aliyemwingilia ni Thuwaiba binti Zahor, fundi cherehani wa pale pale sokoni, msichana wa macho makubwa na ulimi mwepesi.

Siku alipoonana na Mudrik, kesho yake ilikuwa Idi. Soko limefurika, kila mtu anadai nguo yake. Thuwaiba kajitanda mtandio wa zambarau, futi inaning'inia shingoni, pini kazibana mdomoni. Mara akapenya kijana mrefu, shati lake jeusi limefuliwa mpaka limekuwa la kijivu, mikono inanukia ndimu. Kifuani kakumbatia gitaa la umeme kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Dada, naomba unishonee mfuko wa huyu. Wenye sponji ndani, hewa ya chumvi isimle."

Thuwaiba akatema pini. Akalipima lile gitaa juu na chini. "Shingo ndefu, kiuno kinene, kichwa kidogo. Bibi harusi huyu kakuozesha nani?"

Wateja wakaangua kicheko. Kijana naye akacheka, na meno yake yalikuwa mazuri, sitaki kuficha.

"Nimejioza mwenyewe. Wa mkono wa pili, katoka Dar."

"Na spika yake?"

"Sina, na sihitaji. Waya unatoka kwenye gitaa unaingia kwenye kisanduku kidogo, kisanduku kinaingia kwenye laptopu. Ile ngurumo yote imo ndani ya laptopu, programu ya bure. Mimi nasikiliza kwa hedifoni. Mama yangu anasikia nyuzi tu, tik tik, kama kuku anadonoa bati."

"Muziki gani huo wa kufichwa?"

"Metali."

"Ule wa kupiga ukelele kama mtu kabanwa kidole na mlango?"

"Huo huo."

"Na unaupenda?"

"Kuliko halua. Ila tangu niingie hapa dukani, sina uhakika tena."

Mfuko ulikwisha siku ile ile, kabla ya magauni ya Idi ya watu. Hapo ujue mwenyewe.

Mudrik alikuwa fundi wa mashine za boti. Mchana kutwa mikono yake imo kwenye oili, alasiri anaisugua kwa ndimu, anarekodi, kisha anapiga simu.

"Habibti, umekula?"

"Nimekula. Na mke mwenzangu mwenye shingo ndefu, kala?"

"Kalala ndani ya mfuko uliomshonea. Hana neno."

"Mwambie asinizoee."

Siku moja, Mudrik akaukatiza mzaha kama huo. Halafu akauliza, "Thuwaiba, nitume wazee kwenu?"

Mguu wa Thuwaiba ukasimama juu ya pedali. Moyo unasema ndiyo, mdomo unataka ubembelezwe. "Nitumie kwanza huo wimbo unaoupika kila siku. Nikiusikia, nitakujibu."

Wimbo ukaja. Thuwaiba akaweka spika za masikioni, ngurumo ikamjaa kichwani, nzito, tamu kwa namna yake. Akatabasamu. Kisha ya sikio la kulia ikamdondoka, akabaki na ya kushoto. Akabadilisha, akasikiliza ya kulia peke yake. Tabasamu likafa.

Wimbo ni mmoja, lakini mpigaji si mmoja. Wa kushoto anawahi kidogo, wa kulia anavuta. Mtu wa cherehani anajua mshono wa mikono miwili hata ukifanana rangi. Na Mudrik siku zote alisema gitaa analo moja, na chumbani hukaa peke yake.

Akampa Mize, shoga yake anayemsaidia kupinda kanga. Mize akafumba macho, akasikiliza.

"Wawili hawa, shoga. Na huyu wa kulia mkono wake mlaini. Wa kike."

"Kisiwani hapa mwanamke anayepiga gitaa ni nani?"

Wakatazamana. Alikuwa mmoja tu, Khairiya, anayewapigia wageni kwenye hoteli ya kule Utende. Thuwaiba aliwahi kumwona anaongea na Mudrik pale zinapotengenezwa boti, anacheka kaziba mdomo kwa kidole chenye pete.

Simu ikaita. "Mpenzi, umeusikia?"

"Nimeusikia. Mmepiga vizuri."

"Tumepiga? Mimi na nani?"

"Nitamjuaje mimi? Aliyekaa naye ni wewe."

Akakata. Simu ikaita tena, ikatetemeka mezani mpaka ikaanguka kwenye kapu la vitambaa, hakuiokota. Jumbe alizisoma zote na hakujibu hata moja. Wiki ile alishona suruali mguu mmoja mrefu, na shati la watu akaliweka mfuko mgongoni. Chakula kikawa kichungu. Kila akifumba macho anamwona Khairiya kakaa pembeni ya Mudrik, goti kwa goti, upande wa kulia.

Ndipo Mize akaja mbio. "Khairiya jana asubuhi alikuwa kwa kina Mudrik! Baibui la buluu, udi kajifukiza mpaka mtaa wa pili unanukia."

Thuwaiba aliacha sindano kwenye kitambaa, akashika njia ya kwa kina Mudrik.

"Hodi!"

"Karibu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Mama Mudrik alikuwa kizingitini anapepeta mchele. "Ingia, mlango uache wazi. Mwenyewe yumo, kazini haendi, hali, haongei."

Chumbani mlikuwa na meza, laptopu kuukuu iliyong'oka vibonye, kisanduku chenye taa nyekundu, na Mudrik.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Wa sikio la kulia!"

Mudrik akakodoa macho. Kicheko kikamjia, akayaona machozi ya mwenzake, akakimeza.

"Kaa hapa. Usiseme neno." Akamvika hedifoni.

Akapiga mara ya kwanza, akaipeleka kushoto. Kisha akapiga tena wimbo ule ule tangu mwanzo, jasho linamtoka puani, ulimi kautoa kama mtoto anayejifunza kuandika. Hiyo akaipeleka kulia. Akazifungulia zote, na kile chumba kidogo kikawa kipana kama uwanja.

"Ni mimi na mimi," akasema. "Metali hurekodiwa hivyo. Unapiga mara mbili."

"Si ungeinakili ya kwanza?"

"Ukinakili anabaki mtu yule yule, kazidi kelele tu. Mkono haurudii sawasawa, na ile tofauti ndogo ndiyo inayoujaza wimbo."

Aibu ikamshika Thuwaiba. Lakini mgeni yule haondoki kwa kuonyeshwa mlango mmoja.

"Na Khairiya? Jana alifuata nini na udi wake? Au naye unamrekodi mara mbili?"

Mudrik akaliweka gitaa chini. "Alikuja, sikufichi. Anataka nikapige naye hotelini. Na alisema zaidi."

"Alisema nini?"

"Kwamba mtu asiyepokea simu yangu hana haja na mimi."

Nje, ungo wa mama ukanyamaza.

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba kuna mahali nimeuliza swali, nasubiri. Lakini Thuwaiba, na mimi ni mtu. Leo alasiri anarudi kuchukua jibu lake, na mimi langu sijalipata."

Thuwaiba akavua hedifoni, akaziweka mezani polepole. Akautengeneza mtandio wake. Akakivuta kiti karibu na cha Mudrik, upande wa kulia, akakaa.

"Wazee wako waje Jumapili," akasema. "Na huyo wa udi mpigie simu sasa hivi, nikiwa nimekaa hapa hapa."