Mwanaume Kando ya Farasi Mweupe

Jumamosi ile foleni ya samaki wa kukaanga katika Barabara ya Hessle ilikuwa imepinda kona, na mvua ilikuwa ile ya Hull, isiyonyesha vizuri wala isiyokatika. Hilda Garton alisimama karibu na mlango. Alivaa koti la kijivu alilolifumua na kuligeuza upande wa ndani uwe nje, maana vita viliisha lakini nguo zilikuwa bado za mgawo, na skafu ya rangi ya kutu aliifunga chini ya kidevu. Nyuma yake alikuwapo mwanaume mrefu, mwembamba, mwenye vidole vyeusi kwenye ncha kama aliyechambua makaa.

"Kipande cha mwisho hicho, Hilda mwanangu," alisema mama muuzaji huku akikinyunyizia siki. "Wengine msubiri mafuta yapate moto."

"Mama, usinifanyie hivyo!" yule mwanaume alilalamika. "Onyesho la pili linaanza sasa hivi."

Hilda akageuka. "Kumbe wewe ndiye wa sinema ya pale kona? Ndiye uliyetukatia picha Jumapili?"

"Mkanda ndio uliokatika, dada, si mimi. Na wewe ndiye uliyekuwa ukipiga miluzi?"

"Mimi sipigi miluzi kama mvulana. Mimi nilikanyaga sakafu."

"Ndiyo maana vumbi lilinifikia mpaka juu!"

Foleni nzima ikacheka. Hilda akakimega kipande chake katikati, nusu akaifunga kwenye gazeti, akamtia mkononi. "Kula, usije ukatuangusha tena kwa njaa."

Huyo ndiye Clifford Naylor, fundi wa kuonyesha picha. Alipanda ngazi za chumba chake cha mashine akinukia siki, na usiku huo, msaidizi wake alisema baadaye, aliimba.

Hilda alifanya kazi ya kuunganisha simu, yeye na wasichana wengine wengi wamekaa safu moja, nyaya mkononi. Clifford akajifunza kumtafuta. Aliingia kwenye kibanda cha simu, akainua mkono wa simu, na akisikia sauti ngeni, alitaja namba yoyote. Siku akibahatika ilikuwa hivi:

"Namba, tafadhali."

"Nataka namba ya malaika mwenye skafu ya kutu."

"Hatuna malaika, bwana. Tuna mabucha na mazishi. Unataka yapi?"

"Nitakula nini mabuchani bila wewe?"

"Cliff, mpenzi, toka. Bi Ombler anasikiliza." Bi Ombler alikuwa msimamizi wao, na kweli alikuwa akisikiliza, ila siku hiyo alijifanya anatafuta miwani.

Basi wakatembea pamoja, wakanywa chai, wakacheza dansi mara mbili tatu. Jumapili tu ndiyo iliyokuwa na mlango uliofungwa. Jumapili sinema ilionyesha picha kuukuu, na majira hayo ilikuwa ile iliyotengenezwa kutokana na kitabu kinene cha enzi ya Malkia Viktoria, ambacho kila mtoto alilazimishwa kukisoma shuleni: binti wa mwenye kiwanda anakataa kuolewa na tajiri, anakufa kwa kikohozi, anazikwa kwenye ukungu. Picha nyeusi na nyeupe, na kwa kuwa mkanda ulikuwa umechakaa, mikwaruzo yake ilinyesha kama mvua hata ndani ya nyumba za watu. Hilda alikaa kiti kilekile kila Jumapili. Maziko yakishapita, alivaa glavu akaondoka, wala hakungoja mwisho.

"Unamfuata nani mle ndani?" Clifford alimuuliza, nusu kwa utani.

Hilda akakoroga chai yake. "Mume wangu."

Akamweleza. Mwaka ule kabla ya vita, watengeneza picha walikuja Hull kwa ajili ya mitaa yake ya zamani, wakaajiri wanaume wa bandarini wavae kofia ndefu na kulifuata jeneza. Wilf wake alikwenda. Alirudi na ndevu za bandia zimemganda shavuni, akacheka mpaka akaketi sakafuni. "Nitafute kando ya farasi mweupe," alimwambia. Picha ilipotoka, Wilf alikuwa ameshakwenda baharini, na meli yake haikurudi. Kisha bomu likaangukia nyumba yao Hilda akiwa kazini, na picha zote zikateketea, ya harusi ikiwa mojawapo. Mama yake Wilf alikuwa kaburini, ndugu hakuwa naye.

"Kwa hiyo sura yake iko mle tu," alisema. "Shavu na bega, anapita. Ndicho nilichobaki nacho duniani, Cliff."

Clifford alimshika mkono, akasema maneno mema. Lakini tangu hapo, kila Jumapili, alisimama kwenye kitundu chake akamtazama mwanaume yule akipita, kisha akamtazama Hilda akiinama mbele. Mtu aliye hai anashindana vipi na kivuli? Alimwomba wachumbiane. Hilda akamjibu kwa upole, "Nipe muda, mpenzi. Na Jumapili usiniguse, Jumapili ni ya Wilf."

Jumapili iliyofuata mkanda ulikatika kabla kidogo ya maziko. Watazamaji wakaanza kukanyaga sakafu. Kazi ya Clifford ilikuwa rahisi: kukata upana wa vidole viwili palipochanika, kuunga kwa gundi, kuwasha mashine. Alishika mkasi. Akavuta mkanda kwenye mwanga, akamwona farasi, akamwona yule mtu, mdogo kama punje ya mchele. Akaendelea kuvuta. Akakata pale farasi na mtu wake walipokwisha kupita. Kile kipande akakitupa kwenye jiko la makaa lililokuwa pembeni, kikawaka mara moja, fuu, kama kilikuwa kikingoja.

Huku chini, kwenye pazia, jeneza lilitoka nyumbani, papo hapo likawa limeshafika kaburini. Hilda akabaki ameinama mbele.

"Mwambie Hilda mashine imekitafuna kipande," Bwana Pashby, meneja, alimshauri. "Hutokea. Nani atajua?"

Hilda hakuuliza kitu. Hakuja tena. Clifford alisimama kwenye kibanda cha simu siku baada ya siku, mpaka sauti ile ikaja.

"Namba, tafadhali."

"Hilda. Usichomoe waya. Mkanda ulikatika wenyewe, naapa, ila ningeweza kumwacha Wilf. Nilimkata mimi. Kwa wivu."

Akasikia pumzi yake. Akasikia wasichana wengine wakisema namba, tafadhali, namba, tafadhali.

"Nipe hicho kipande."

"Nimekichoma."

Simu ikafa.

Ikaja baridi ya mwaka ule ambayo Hull hawaisahau, theluji mpaka madirishani, makaa hakuna. Hilda alifanya kazi na koti mwilini. Clifford siku zake za mapumziko alipanda treni, akaenda mji mmoja baada ya mwingine kuuliza mafundi wenzake nani ana nakala ya picha ile. York, hawana. Leeds, imekatwakatwa. Theluji ilipoanza kuyeyuka, Bi Ombler alimwendea Hilda, akamwekea mkono begani. "Laini ya Bridlington, binti. Pokea. Mimi nimeenda kutafuta miwani."

"Hilda, nimempata." Sauti ilikuwa mbali, na bahari ndani yake. "Nakala nzima, haijaguswa. Ya kwetu ilikuwa imeshapunguzwa vipande kabla haijanifikia. Huku anageuka, Hilda! Anageuka kabisa, anacheka. Utamwona uso mzima. Jumapili, uje."

Alikwenda. Alivaa gauni la bluu aliloliazima na kofia ya kijani, akapaka midomo rangi, akaifuta, akaipaka tena, kama mtu anayekwenda kupokelewa stesheni. Clifford alimngojea mlangoni mwa sinema ya Bridlington, amekonda, kola imemlegea shingoni. Hakumshika. Akamkalisha, akaketi kiti cha tatu kutoka kwake.

Jeneza likatoka. Ukungu. Farasi mweupe akatikisa kichwa. Lile shavu, lile bega alilolijua kuliko lake. Kisha mwanaume akageuka, akacheka.

Alikuwa mzee, pua imepinda, meno ya mbele hana. Si Wilf. Hakufanana naye hata kidogo.

Hilda hakuinuka mpaka taa zilipowaka. Alikuwa akihesabu Jumapili zote zile alizomlilia mtu baki, akijiuliza ni lini uso wa mumewe ulimtoka mpaka akaweza kumbadilisha na yeyote.

"Ndiye?" Clifford aliuliza. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hilda, sema. Ndiye?"

Neno moja tu, siye, lingemwondolea dhambi yake yote, maana aliyemkata hakuwa Wilf. Lakini neno hilo lingekuwa pia: nimemsahau. Hilda akamgeukia.

"Ndiye," alisema.

Kwenye treni ya kurudi, Clifford alimwomba tena, safari hii bila utani, wafunge ndoa majira ya kiangazi. Hilda akakubali. Kweli alimpenda, hilo halikuwa uongo.

"Na kumkata kule," alinong'ona Clifford, "umenisamehe?"

"Nimekusamehe."

Akalia kama mtoto, paji la uso kwenye bega lake. Hilda akampapasa nywele, akitazama mashamba yenye theluji chafu yakipita dirishani. Alikuwa akijaribu kuikumbuka pua ya Wilf ilivyokuwa. Alijaribu mpaka Hull. Haikuja.